Mtego wa Waya Hauhitaji Mwalimu

Tairi kuukuu la gari likichomwa, mpira huisha na nyaya za chuma hubaki majivuni. Mtu akisokota nyaya tatu au nne pamoja, akafanya kitanzi, akakitundika kwenye mapito ya swala kwa kimo cha shingo na kuifunga ncha ya pili kwenye shina la mgunga, kazi imekwisha. Hakuhitaji shabaha wala pumzi. Hakuhitaji kujua kama mnyama atakayepita ni dume au jike, kama ana mimba, kama ndiye aliyekusudiwa au ni mtoto wa pundamilia aliyejipitia tu. Kesho yake mtegaji hurudi kukagua. Asiporudi, mnyama huozea palepale.

Askari wa wanyamapori wa Uganda huokota mitego ya namna hii kwa maelfu. Lakini kuna jambo moja kuihusu ambalo halisemwi vya kutosha: haina mwalimu. Mvulana wa miaka 12 akiuona mtego mara moja, ameshaujua. Upinde, mkuki, wavu na mbwa vina wazee wake, vina miaka ya kufundishwa na vina miiko. Waya hauna chochote katika hayo, na ndiyo sababu unasambaa kwa wepesi kuliko silaha yoyote ya mababu.

Kutokana na hilo kuna swali linalostahili kujadiliwa waziwazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mjini Mbarara. Wazee waliokuja na elimu ya uwindaji kutoka Kivu, mashariki mwa Kongo, na kwingineko, je, wawarithishe wajukuu elimu hiyo katika nchi ambamo kuwinda bila kibali ni jinai? Au waiache ife nao?

Nakivale iko wilaya ya Isingiro, kilomita 60 hivi kutoka Mbarara. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda, na leo ina watu zaidi ya 180,000: Wakongo kwa wingi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Sokoni na kwenye foleni za mgao, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Ziwa Nakivale na Ziwa Mburo ni sehemu ya ardhioevu moja, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya Ramsar ya maeneo yenye umuhimu wa kimataifa. Humo wamo korongo nyangumi, na humo zimesalimika spishi mbili za samaki zilizokwisha kutoweka katika maziwa makubwa. Kwa hiyo Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, yenye pundamilia, nyati, pofu na swala pala, ni jirani. Mnyama hajui mpaka ulipo, na mvulana mwenye njaa naye huujua pale tu anapokutana na askari.

Sauti tano zinazofuata hazina majina. Ni hoja zinazogongana katika jambo hili, na zimewekwa katika vinywa vya watu wa aina wanaopatikana kwenye njia ya Mbarara hadi Nakivale: mzee aliyezaliwa Walikale huko Kivu, askari mstaafu wa wanyamapori, mama wa kanda ya Juru ya Nakivale, mwalimu wa sekondari wa Mbarara, na kijana aliyezaliwa kambini.

MZEE: Kwetu mtoto hakuanza kwa kuua. Alianza kwa kubeba. Alibeba wavu, alibeba maji ya wakubwa, alishika mbwa. Mbwa wetu wa kuwindia habweki, kwa hiyo anafungwa kengele ya mbao shingoni. Mtoto anakaa kimya, anasikiliza. Kengele ikigonga polepole, mbwa anatafuta. Ikigonga mbiombio, ameshika harufu. Ikinyamaza ghafla, kuna jambo. Miaka inapita hivyo kabla hajapewa mkuki. Leo naambiwa nisimfundishe mjukuu wangu, eti nitamfanya jangili. Jangili ni yule ambaye hakufundishwa.

ASKARI: Mzee wangu, kazi hii nimeifanya tangu ujana mpaka nikaota mvi, na sijamkamata hata mmoja akaniambia hakufundishwa. Kila mmoja ana babu. Kila mmoja ana mila. Na mnyama akishakufa, haimsaidii kitu kwamba aliyemuua alikuwa na adabu.

Askari anasema haya akiwa na sheria nyuma yake. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 ni kali kuliko iliyoitangulia: kosa linalomhusu mnyama aliye katika hatari ya kutoweka linaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha au faini ya shilingi bilioni 20. Ana pia mfano ambao hakuna Mganda aliyeusahau. Juni 2020, wakati watalii wamekatika kwa sababu ya korona, sokwe dume Rafiki, kiongozi wa kundi la Nkuringo huko Bwindi, alikutwa amekufa kwa jeraha la mkuki. Mtu aliyekamatwa alisema alikwenda kuwinda wanyama wadogo, akakutana na sokwe, akajihami. Mahakama ilimpa miaka 11. Kwa askari, mkuki ulioingia msituni kwa ajili ya nguruwe mwitu hauna njia ya kuhakikisha utaishia kwa nguruwe mwitu.

MZEE: Habari ya sokwe huyo iliniuma, afande. Lakini mkuki una mkono nyuma yake, na mkono una mtu wa kuulizwa. Waya unamuuliza nani?

ASKARI: Na wavu je? Wavu wenu nao hauchagui. Wanyama wanasukumwa wote, jike na watoto.

MZEE: Wavu una watu. Mimi nimesimama pale. Akiingia jike mwenye mimba, namwona, nainua wavu anapita. Siku nyingine wakubwa hawakuinua, sikatai, njaa ilikuwepo. Lakini walikuwa na nafasi ya kuinua. Aliyetega waya amelala nyumbani.

Hapa mzee ameligusa jambo zito kuliko wanavyodhani wanaomsikiliza harakaharaka. Uwindaji wa mababu haukuwa safi. Nyavu na mashimo viliua pasipo hesabu kila palipokuwa na wanyama wengi na watu wenye nguvu. Kinachoutofautisha na uwindaji wa waya ni kwamba mtu alikuwepo mnyama alipokufa. Alimtazama, aliwajibika kumgawa, na wengine walimwona akifanya hivyo. Watoto walijifunza kwa kuona aibu ya aliyekosea.

Watu wa kwao mzee, Wanyanga, wana ushahidi wao. Utendi wa Mwindo, aliousimulia Shé-Kárisi Rureke na ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, una shujaa wa kabila la wawindaji. Mwindo anamuua joka Kirimu, aliyewameza wawindaji wake. Msikilizaji angetarajia sherehe. Badala yake Nkuba, bwana wa radi na rafiki wa joka yule, anampandisha Mwindo mbinguni, anamtesa kwa baridi, mvua na jua, na kumrudisha nyumbani akiwa na katazo la kutoua mnyama yeyote tena. Jamii iliyoishi kwa nyama ya msituni iliweka katazo hilo mwishoni mwa utendi wake mkubwa, na watoto waliusikia wakiwa wamekaa na walewale waliowafundisha kushika mbwa.

KIJANA: Babu, mimi nakuheshimu, lakini unasema msitu. Mimi msitu sijauona. Nimezaliwa hapa. Nilichonacho ni manati, na ndege wa shambani. Rafiki zangu wengine wanajua waya, nani aliwaonyesha sijui. Ukinifundisha kusoma nyayo, nikazisoma zote, nitakula nini?

MZEE: Utakula kwa kujua.

KIJANA: Kujua hakununui unga.

MAMA: Mwacheni aseme, kwa sababu ndiyo habari yenyewe. Nyinyi wanaume mnazungumza mila, mimi nazungumza sufuria. Mgao ulipunguzwa, ukapunguzwa tena, halafu wengine tukaambiwa hatumo. Mtoto akileta kanga nyumbani, unafikiri mzazi atamuuliza kwanza kibali? Nitasema ukweli: atauliza kama kuna chumvi.

Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi Uganda kwa asilimia 30. Upunguzaji mwingine ukafuata, familia zikapangwa kwa makundi kulingana na udhaifu wao, na mwaka 2025 karibu watu milioni moja wakaondolewa kabisa kwenye msaada huo kwa kukosekana fedha. Mwaka huohuo miji ya Kongo ya Goma na Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, na wageni wakaendelea kufika. Anayejadili mafunzo ya uwindaji Nakivale bila kuanzia hapo anajadili kitu kingine. Shamba la familia limekuwa dogo kadiri watu walivyoongezeka, mvua za Isingiro hazitabiriki, na ziwani wavuvi wamekuwa wengi. Nyama ya porini inapokuwa ya bei nafuu kuliko ya mbuzi, mahubiri peke yake hayatoshi.

Lakini mama hakumaliza.

MAMA: Na kuna jingine. Mimi nimekimbia bunduki. Wanangu wawili wa kwanza walijua sauti ya kila aina ya bunduki kabla hawajajua kuandika majina yao. Sasa aje mtu kuniambia vijana wafundishwe kulenga, iwe kwa mshale, iwe kwa nini, ati ni mchezo, ati ni mila? Kule kwetu wale wa Mai-Mai walianza na mikuki na mishale ya kuwindia. Nani alijua wataishia wapi?

Hoja hii haina jibu rahisi, na anayeipuuza hajaishi Masisi wala Fizi. Makundi mengi ya kwanza ya wapiganaji wa Mai-Mai yalitoka vijijini na silaha za mawindo. Ustadi wa porini uliokusudiwa nguruwe uligeuzwa dhidi ya majirani. Katika nchi nyingi za dunia, mafunzo ya kulenga shabaha kwa vijana huchukuliwa kama mchezo wa afya na nidhamu. Nakivale ina akina mama ambao neno "kulenga" halijawahi kuwafikia kwa maana hiyo.

Tofauti na Marekani ni kubwa mno. Huko, jimbo la New York lilianza mwaka 1949 kumtaka mwindaji mpya apate mafunzo kwanza, na leo majimbo yote 50 yana masomo ya namna hiyo: usalama wa silaha, kutambua mnyama, maadili, heshima kwa mwenye ardhi. Sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 hutoza kodi bunduki na risasi, na fedha hizo hurudi kuhifadhi wanyama na makazi yao. Kijana wa Nakivale aliyebahatika kuhamishiwa Kentucky au Texas kabla ya Januari 2025, mwezi ambao mpango wa kupokea wakimbizi ulisimamishwa, anaweza kukaa darasani na wenyeji, kufaulu mtihani, kulipia leseni na kumpiga mbawala kwa halali, mzee wa kwao akiwa pembeni kama mlezi wake. Ndugu yake aliyebaki Juru akimpiga swala pala ni mhalifu. Sababu si kwamba wa kwanza ana tabia njema zaidi. Nchi moja ina wanyama wa kutosha, ardhi, orodha na watu wa kusimamia. Nyingine ina vipande vya pori vilivyozingirwa na mashamba.

MWALIMU: Naomba niingie hapo kwenye wanyama wa kutosha, maana historia yetu inasahauliwa. Nani aliwamaliza wanyama wa Ankole? Siyo manati ya mtoto. Serikali ya kikoloni ilitaka kumtokomeza mbung'o, ikaona wanyama ndio wanaombeba, ikaajiri wawindaji wawaue kwa bunduki katika eneo hilihili la Mburo na Nshara. Walifyeka mpaka vichaka. Wenyeji waliotazama haya walijifunza nini? Kwamba mnyama ni mali ya serikali, na serikali ikitaka inamwua.

Mwalimu ana haki ya kuanzia huko. Eneo la Mburo lilifanywa pori la uwindaji wa kudhibitiwa mwaka 1933, likawa hifadhi ya wanyama mwaka 1963, na mwaka 1983 serikali ya Obote ikalitangaza hifadhi ya taifa na kuwafukuza wafugaji waliokuwa wakiishi humo. Utawala huo ulipoanguka, watu walirudi kwa hasira: waliharibu majengo na kuwachinja wanyama ili pasibaki kitu cha kuhifadhi. Simba wa eneo hilo walikwisha. Serikali mpya ya NRM ilikata hifadhi kutoka kilomita za mraba 650 hivi ikabaki na 260 hivi. Wahima, ambao kwa desturi yao hawakuwa walaji wa nyama ya porini bali watu wa ng'ombe na maziwa, walishiriki kuua wanyama ambao hawakuwa na haja ya kuwala. Ni somo chungu: watu waliozoea kuchunga pamoja na pundamilia waligeuka kuwaangamiza walipoona pundamilia wamepewa ardhi yao.

MWALIMU: Halafu 2001 tukaambiwa uwindaji unarudi. Lakini unarudi kwa nani? Kwa mgeni mwenye dola. Uwindaji ulikuwa umepigwa marufuku tangu 1979, ukafunguliwa katika ranchi za Kiruhura, pembeni ya hifadhi. Mgeni anampiga pundamilia na kupiga picha. Mtoto wa Nakivale akipiga kanga, anakimbizwa. Hebu mweleze mtoto huyo tofauti, afande.

ASKARI: Nitamweleza. Mgeni anapewa idadi. Anaambiwa dume, mzee, na kuna askari pembeni yake anayemzuia asipoelewana naye. Fedha inakwenda kwa wenye ardhi na kwa kijiji. Pundamilia na swala wengi wanaishi nje ya hifadhi, wanakula majani ya ng'ombe wa watu. Mwenye ranchi asipopata kitu kwa mnyama huyo, atamwondoa. Hilo nimeliona.

MWALIMU: Na fedha ilitosha?

ASKARI: Mwanzo ilisaidia sana. Baadaye malalamiko yakarudi.

Askari amejibu kwa uaminifu, na watafiti waliouchunguza mpango huo wameandika yanayofanana: mwanzoni mitazamo ya wenyeji ilibadilika na ujangili ukapungua, lakini manufaa yalipoonekana madogo kulinganisha na hasara, uvumilivu ulipungua nao. Kwa mjadala huu kuna jambo kubwa zaidi lililokosekana. Mpango ulileta wawindaji, leseni na mgawanyo wa fedha, lakini ulilenga mfuko wa mwenye ardhi. Kijana wa jirani hakupata nafasi ya kuwa mwanafunzi wa mtu yeyote.

Afrika Mashariki imewahi kujaribu njia nyingine, na majaribio hayo yana mafunzo ya kupingana. Unguja ina wasasi, watu wa mbwa na mikuki waliosifika kwa kuwinda nguruwe waharibifu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kampeni iliyoongozwa na mfichua wachawi aliyeitwa Kitanzi iliwasaka wachawi na chui waliodaiwa kufugwa nao. Ustadi wa kurithishana ulipata baraka za serikali na ushangiliaji wa vijiji, na chui wa Unguja leo anahesabiwa na wengi kuwa ametoweka. Asiyependa kusikia kwamba wazee wanaweza kukosea kwa pamoja, na aisome habari hiyo.

Kenya nayo ilikuwa na Waata, ambao wengine huwaita Waliangulu, watu wa pinde kubwa ajabu ambazo mtu asiyezoea hawezi kuzivuta hata nusu, na mishale ya sumu iliyoangusha tembo. Katikati ya miaka ya 1950 walinzi wa Tsavo, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliwasaka na kuwafunga. Kisha watu walewale waliowafahamu wakaona hasara: walikuwa wamewafunga wajuzi wakubwa wa tembo katika Afrika yote. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, mashariki mwa Tsavo, kwa nia ya kuwapa Waata uwindaji halali kwa idadi iliyopangwa. Haukudumu kwa sura hiyo, na marufuku ya 1977 ikafunga uwindaji Kenya nzima. Pinde zimebaki makumbusho.

Kwa upande mwingine wako Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania. Mvulana wa Kihadza hupewa upinde mdogo akiwa na miaka mitatu au minne, akaanza kulenga vitu vilivyo karibu na kambi pamoja na wenzake. Mlolongo huo haujakatika, na sababu moja ni ardhi: mwaka 2011 jamii ya Yaeda Chini ilipata hati ya kimila ya kumiliki zaidi ya hekta 20,000. Urithi wa ustadi umesimama juu ya karatasi ya ardhi. Nakivale hakuna karatasi kama hiyo. Mkimbizi hupewa kiwanja cha kutumia, na pori halimo.

Karibu zaidi na Mbarara wako Batwa. Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, walitolewa msituni pasipo fidia ya maana. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa kinyume cha haki. Huko Mgahinga, tangu 2011 kuna njia ya watalii ambapo Batwa huonyesha jinsi walivyowasha moto, walivyotega na kurusha mshale.

MZEE: Hiyo nimeisikia. Babu anajificha majanini, anajifanya anawinda, mzungu anapiga makofi. Kuigiza kunalipa, sikatai. Lakini mtoto anayemtazama babu yake akiigiza anajifunza kuigiza.

ASKARI: Mzee, sikubaliani. Mtwa yule anaingia msituni kwa miguu yake. Kabla ya hapo alikuwa haingii kabisa. Na mtoto anasikia majina ya miti. Si kidogo.

Askari ana hoja yenye nguvu, na mzee naye hajakosea. Ustadi ulioonyeshwa kwa mgeni kwa muda wa saa tatu hubaki na maumbo na kupoteza sababu. Mtoto ataona namna ya kuvuta upinde, lakini hataona mzee akirudi mikono mitupu kwa siku nne na kukataa kumpiga mnyama anayenyonyesha. Sehemu hiyo ndiyo ngumu kurithisha, na ndiyo inayohitajika zaidi.

KIJANA: Basi niulize mimi. Afande, mnachukua vijana wanaojua nyayo?

ASKARI: Tunachukua. Na tulishawahi kuchukua waliokuwa wajangili, wakawa wafuatiliaji wazuri kuliko wenye vyeti.

KIJANA: Mimi je?

ASKARI: Wewe... inatakiwa uraia.

Jibu hilo fupi ndilo linalofanya mjadala huu wa Nakivale usifanane na wa Bwindi. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea, na Uganda inasifiwa kwa hilo kwa haki. Lakini kazi ya askari wa wanyamapori ni ya raia, na Katiba ya 1995 inamnyima aliyezaliwa na wazazi wakimbizi uraia wa kuandikishwa, hata kama hajawahi kulala nje ya Uganda usiku mmoja. Kijana anaweza kuwa mjuzi kuliko wote, na njia halali ya ujuzi wake ikaishia mlangoni. Njia isiyo halali haina mlango. Watunga sera wanaohofia ujangili wa wakimbizi wangefanya vyema kuanzia hapo: kazi za kuongoza watalii, kuhesabu ndege na samaki, kusaidia utafiti wa ardhioevu hazihitaji bunduki wala kiapo cha uaskari. Mbarara ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu 1989, chenye taasisi yake ya utafiti wa misitu huko Ruhija, na Uganda ina vilabu vya wanyamapori vya shuleni tangu 1975. Kinachokosekana ni mtu wa kumweka mzee wa Walikale katika chumba kimoja na watu hao, na kumwita mwalimu.

MWALIMU: Mimi klabu yangu ina vijana. Wanachora tembo, wanapanda miti, wanaimba. Sijawahi kuwaleta mbele ya mtu anayeweza kuwaambia nyayo hii ni ya jana au ya leo.

MZEE: Hiyo ni rahisi. Nyayo ya leo kingo zake ni kali kama zimekatwa na kisu. Umande ukishaipiga, kingo zinalegea. Mdudu akishapita juu yake usiku, utaona mchirizi wake ndani ya kwato. Mavi nayo unayavunja, unatazama katikati. Nguruwe mwitu akikimbia vidole vinatanuka. Akiwa amejeruhiwa mguu mmoja, mitatu inaingia chini zaidi. Mtoto akiyajua haya hana haja ya kuua ili ajue mnyama alipita. Ameshampata.

Maneno hayo ya mwisho ya mzee ndiyo msimamo ambao makala haya yanauunga mkono. Sehemu tisa za kumi za elimu ya mwindaji zinakamilika kabla mshale haujatoka: upepo, nyayo, msimu wa kuzaa, mmea wenye sumu, subira, namna ya kugawana. Zote hizo zinaweza kufundishwa Nakivale leo, kwa halali, kando ya ziwa na kwenye mapito ya mifugo, na zitakufa na wazee wasipofundisha. Sehemu ya kumi, ya kuua, ina masharti ambayo Nakivale haina: ardhi, wingi wa wanyama, idadi iliyopangwa, mamlaka inayoaminika. Kuinyamazia sehemu ya kumi si kuisaliti mila. Lakini kuzizika zote kumi kwa kuiogopa hiyo moja ni kumwachia kijana waya peke yake.

ASKARI: Na upinde? Mzee hajasema upinde.

MZEE: Upinde nautaka. Kwetu tunakata shina la mgomba, tunaliviringisha mteremkoni, vijana wanalenga likienda. Isingiro migomba haikosi. Hakuna nyama, hakuna damu. Ni jicho na mkono.

MAMA: Mimi nimeshasema.

KIJANA: Mama, mwenzangu akicheza mpira unampa nauli aende Mbarara. Mimi nikilenga mgomba unaona vita.

MAMA: Kwa sababu mpira sijawahi kuuona umembeba mtoto wa mtu usiku, mwanangu.

MZEE: Basi sikia, mama. Mishale haina chembe, ni mti mtupu, butu. Pinde zinalala kwangu, hakuna anayeondoka nayo. Jina la kila kijana liko kwa mwenyekiti wa RWC, baraza letu la wakimbizi, na kwa mzazi wake. Atakayeonekana na waya, au na mbwa karibu na hifadhi, harudi. Na mimi nitaitwa kujibu.

MAMA: Wasichana?

MZEE: Kule Ituri wanawake wa Bambuti ndio wanaowasukuma wanyama kwenye nyavu. Waje.

MAMA: Wakija wasichana na mimi nitakuja kukaa pale. Nikiona mmoja amemlenga mwenzake, hata kwa mzaha, zote zinachomwa siku hiyohiyo.

ASKARI: Mimi ya upinde bado sijakubali. Ya nyayo nakubali. Mwalimu akileta klabu yake, nitakuja na mitego tuliyookota, waione na waishike, mzee awaeleze mnyama anakufaje ndani yake.